Mtaro Mliouita Mto

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Bwana Mkurugenzi wa kampuni iliyojenga majengo haya. Dada Meneja wa majengo, uliyenialika kwa simu na sauti tamu kama ya mkwe. Viongozi wetu wa dini. Wageni waalikwa mliokaa chini ya turubai, na ninyi wenyeji mliosimama juani kwa sababu viti vimeishia kwa wageni. Wenzangu wa kikundi cha mtaroni. Na wewe mama yangu mzazi, uliyesimama nje ya geti lile na fimbo yako mkononi, unayenisikia kwa hisani ya spika hizi: habari za asubuhi.

Itikieni basi! Naona walio nje ya geti wameitikia kwa nguvu kuliko walio kivulini.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba nina dakika chache tu, na kazi yangu ni kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenyeji. Sawa. Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani wa mtaa huu. Wengi wenu mmevaa mkono wangu. Mheshimiwa, hata hiyo suruali yako, mimi ndiye niliyeitanua kiuno baada ya uchaguzi. Kwa hiyo msinione mgeni, wala msinitazame kama mtu aliyepotea njia akajikuta kwenye kipaza sauti.

Lakini si mimi niliyepaswa kusimama hapa. Anayetunukiwa leo ni mama yangu, yule mnayemwita Mama Reki, mwanzilishi wa kikundi kilichousafisha mtaro huu. Jina lake mmelichapa kwenye ratiba, na kiti chake kipo pale mbele, kimevishwa kitambaa na utepe. Mama amefika mapema kutushinda sote. Amevaa gauni nililomshonea kwa ajili ya leo. Na mlinzi amemzuia, kwa sababu geti lile hufunguka kwa kadi ya mkazi, na mama, aliyeishi ng'ambo ya mtaro huu tangu mimi sijazaliwa, si mkazi. Mimi nimeingiaje? Nimeingia ndani ya gari la vyombo vya muziki, nimebanwa katikati ya spika mbili. Wenzangu wa kikundi waliingizwa mapema ili wafagie, ndiyo maana mnawaona wamo. Mama hafagii tena, miguu imemkataa, kwa hiyo hana la kumwingiza.

Basi nisiwazungushe. Ninachokitaka leo ni kimoja: geti lile lifunguliwe, na libaki wazi kwa kila anayeishi ng'ambo. Hayo mengine yote nitakayosema ni ya kuwaeleza kwa nini nina hasira.

Tuanze na huu mto wenu. Kwenye bango la barabarani mmechora mto, na bata wawili wanaogelea kwa raha zao. Jamani! Huu ni mtaro. Ulichimbwa kupitisha maji machafu ya kiwanda cha sabuni na maji ya mvua ya nusu ya mji, na kwa miaka mingi ulipitisha kila kitu isipokuwa maji. Ulipitisha magodoro. Ulipitisha mbwa waliokufa. Kuna siku ulipitisha sofa zima, na watoto wakalikimbilia wakitaka kulipanda. Ulinuka kiasi kwamba msichana wa kwetu akija kuposwa, wageni wanapokelewa kwa shangazi, mtaa wa pili, ili mambo yasiharibike. Ukipanda teksi na kutaja unakokwenda, dereva anakushusha barabarani, anakwambia, "Malizia kwa miguu, dada, pua yangu bado naipenda." Nauliza, wakati ule nani kati ya mliokaa kivulini aliutaka mtaa huu? Bwana Mkurugenzi, ulikuwa unajua hata kama tupo?

Hakuna aliyetutaka, na kwa sababu hiyo tulikaa kwa amani. Kinyozi alikuwa na kona yake, muuza mkaa alikuwa na kibanda chake, mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani. Kodi ilikuwa ya watu wa kawaida.

Kisha ikaja ile mvua kubwa, wakubwa wenzangu mnaikumbuka. Maji yaliingia chumbani kwetu yakafika usawa wa kitanda. Mama wakati huo alikuwa dobi. Alisimama juu ya meza, nguo za wateja kichwani, sisi watoto tumemng'ang'ania kiunoni, na maji yale meusi yanazunguka chini yetu na viatu vyetu vinaelea. Maji yalipokauka hakulia wala hakwenda kulalamika popote. Alikwenda kwa fundi wa vyuma, akamwambia, "Nitengenezee reki. Meno marefu, na mpini unipite kimo."

Fundi akamuuliza, "Mama, kwani una shamba wapi?"

"Mtaroni," akamjibu, "na usinicheke, nina haraka."

Aliingia peke yake mara ya kwanza, gauni amelifunga magotini. Wanaume walisimama ukingoni wakimwangalia kama wanaangalia mpira. Jumamosi iliyofuata wakashuka wanawake watatu. Kisha akashuka kinyozi, kisha muuza mkaa, na mwishowe akashuka mume wangu, ambaye hadi siku hiyo nyumbani kwake hajui ufagio unalala wapi. Mama aliwapa sheria moja: tunaanza chini. Tunaanza kwenye mdomo wa kalavati, kule chini maji yanakoishia, halafu tunapanda pole pole kuja juu. Kwa sababu ukianza juu, uchafu wako unamsukumia jirani wa chini, halafu unarudi nyumbani unajiita msafi. Siku kinyozi alipojisahau akaanza mbele ya mlango wake, mama alimpigia kelele mtaa mzima ukasikia: "Wewe! Hao wa chini si watu?"

Tulifanya hivyo kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, na hadi leo bado tunashuka. Tope tunalitupa ukingoni likauke, likikauka tunalisomba kwa toroli. Hakuna aliyetuajiri na hatukumdai mtu. Harufu ikapungua, halafu ikaisha, tukawa tunasahau kwamba iliwahi kuwapo. Tukapanda maua ukingoni. Tukapaka kuta chokaa, na chokaa ilipobaki tukapaka hata mawe. Halmashauri ilipotangaza mashindano ya mtaa safi, tukashinda! Tulipewa mapipa ya taka na kibao cha pongezi, tukacheza ngoma hadi mama mkwe wangu akapoteza kiatu.

Na hapo ndipo tulipokosea. Kosa lenyewe lingefanywa na watu wa mtaa huu tu, maana sisi mgeni akija tunachachawa. Walipoanza kuja watu wenye kamera na miwani ya jua, tuliwatolea viti. Tuliwapa maji ya kunywa. Wakiuliza nyumba ile ya nani, tunawajibu na mengine wasiyouliza: ya mzee fulani, ni mgonjwa, watoto wake wako nje ya nchi na hawana habari nayo. Siku wapima walipokuja na utepe wao mrefu wakakosa mtu wa kushika ncha, kinyozi alimwacha mteja kitini na nusu kichwa, akakimbilia kuwashikia. Aliwashikia utepe kuanzia kona yake mpaka darajani. Alirudi anatamba kweli kweli: "Wanatufunikia mtaro, jamani! Serikali imetuona!" Aliyeuliza wanapima nini hasa alikuwa mteja yule peke yake, na nani angemsikiliza mtu mwenye nusu kichwa?

Cheka, Mheshimiwa, cheka tu. Hata sisi tulicheka. Hatukujua kwamba ule uvundo ndio uliokuwa mlinzi wetu, na kwamba tulikuwa tumemfukuza kwa mikono yetu wenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Nyumba zikauzwa. Zile zisizouzwa, kodi ikapanda mpaka wenye nyumba wakaona aibu kututazama usoni wakawa wanawatuma watoto wao. Muuza mkaa alifungasha virago akaondoka bila kuaga, kwa sababu alisema akiaga atalia. Kinyozi alitolewa kwenye kona aliyoipima mwenyewe. Leo pale pana duka la kahawa, na kiti chake cha kunyolea wamekiweka dirishani, wamekitupia mto wa maua, watu wanapiga nacho picha. Kinyozi mwenyewe yuko mwisho kabisa wa mji, ananyoa watu wakiwa wamekalia ndoo. Nilimpelekea habari ya sherehe hii, akaniambia, "Nisalimie kiti changu."

Dada Meneja, usiiname. Wewe ni mtu mwenye adabu, na nakusifu kwa hilo bila kutia chumvi. Hukutuma mtu kunitoa barazani, ulikuja mwenyewe, ukanishika mkono, ukasema, "Shangazi, samahani sana, cherehani inaharibu muonekano." Umekumbuka nilichokujibu? Nilikwambia sketi uliyoivaa imetoka kwenye hiyo hiyo cherehani. Ukacheka, ukanikumbatia, na kesho yake wakaja vijana wa kazi wakaibeba hadi barabarani. Sasa nashonea kwenye chumba cha kukodi kule barabarani, taa inawaka mchana kutwa, macho yananiuma. Yaani mtu anakufukuza huku anakukumbatia, unashindwa hata kumtukana vizuri!

Lakini haya nilikuwa tayari kuyameza. Kweli. Tulioshindwa kodi tumeondoka, tuliobaki tumebanana ng'ambo, kwenye zile nyumba za nyuma ambazo bado hamjazinunua. Tulijiambia, walau njia ipo. Unavuka daraja la mbao, unakata hapa katikati, umefika barabarani, kwenye zahanati, dukani, kituoni. Njia hiyo ni ya zamani kuliko mimi.

Na wewe Mheshimiwa uliihakikisha. Nakusifu na wewe pia, maana una kumbukumbu nzuri ya majina ukija kuomba kura. Ulimwita mama kwa jina lake. Uliketi kwenye kiti chetu, ukanywa maji yetu bila kuikagua glasi, ukasimama ukasema mbele ya mtaa mzima: "Mama, majengo yatajengwa, lakini njia ni ya wananchi. Hakuna atakayeigusa mimi nikiwa hai." Mama alifurahi hata akainama akakupangusa tope kwenye kiatu kwa upindo wa kanga yake. Mama yangu, mwenye magoti yale! Nami nilisimama pale pale nikiona. Sasa niambie, Mheshimiwa, uko hai?

Msipige makofi. Siko hapa kuchekesha.

Tangu geti lile liwekwe kwenye mwisho wa daraja, watu wa ng'ambo wanazunguka kwa nyuma kupitia kwenye magereji, katikati ya malori na oili iliyomwagika. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza. Mama yangu anafika nusu, anaegemea ukuta, anarudi. Dawa zake za presha sasa namchukulia mimi, na kila nikimpelekea ananiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefanya kosa, "Bado hawajafungua?" Aliyezoea kuvuka kila asubuhi kuja kukaa na mimi kazini, akinishonea vifungo huku anasengenya mtaa mzima, sasa anashinda mlangoni kwake anautazama ukuta. Anazeeka kwa haraka, nami namwona. Mnataka nimshukuru nani kwa hilo?

Na si mama peke yake. Wiki iliyopita mkwe wa jirani yangu alishikwa na uchungu mchana kweupe. Zahanati iko pale, hata kutoka nilipo naliona bati lake. Wakamleta getini. Mlinzi yule mnayemwona ni mtoto wa mtaa huu huu, mama alimshika mkono kumfundisha kuvuka daraja, na hadi leo anamwita bibi. Alipiga simu kwa wakubwa wake: "Kuna mgonjwa hapa, nifungue?" Akaambiwa asubiri, wanauliza. Walioulizwa nao wakauliza. Mgonjwa hakuweza kusubiri, wakamzungusha kwa nyuma, na mtoto akazaliwa kwenye gereji, juu ya kiti cha gari kilichong'olewa. Mafundi magari walisimama wakampa mgongo, wakajipanga bega kwa bega wakawa pazia. Watu wale wenye mikono ya grisi walijua la kufanya bila kumuuliza mtu. Mtoto ni mzima. Angekuwa si mzima, leo tungekuwa tunafungua nini hapa? Mngekata utepe gani?

Simlaumu mlinzi. Ameshaambiwa kwamba akifungua bila kadi, ataondoka yeye. Nawalaumu mliompa kazi ya kumfungia bibi yake mlango.

Sasa ngoja niwaambie kilichonimaliza kabisa. Asubuhi hii niliposhuka kwenye gari la muziki niliomba kwenda msalani, nikapitishwa kwenye ukumbi wa mapokezi. Ukutani nikakuta picha, kubwa kuliko mlango. Ni mama. Yumo mtaroni, reki mkononi, tope hadi magotini, anacheka. Chini yake mmeandika kwa herufi za dhahabu: Roho ya Mtaa Wetu. Nilisimama pale, mkojo wenyewe ukakata. Picha yake inakaa ndani kwenye kiyoyozi, inafutwa vumbi, na wageni wanaambiwa waitazame. Mwenyewe anazuiwa getini na fimbo yake. Mmempenda mama alipokuwa kwenye tope letu, mmemtundika ukutani, lakini kupita hapa apeleke presha yake ikapimwe, hapana, hilo litaharibu muonekano! Nyie watu mna roho gani?

Dada Meneja, ukimwambia fundi azime spika, azime. Mimi huwa namwita mteja akiwa ng'ambo ya barabara na malori yanapita, ananisikia.

Subirini kidogo. Mshereheshaji ananiletea ujumbe. Sema kwa sauti, baba, usininong'oneze, hapa hakuna siri… Anasema Bwana Mkurugenzi amekubali. Mama aruhusiwe kuingia sasa hivi, ni mgeni wa heshima, akae kwenye kiti chake, apokee tuzo yake, na sherehe iendelee.

Mama aingie. Na wale waliosimama naye? Hao nao wasubiri, wanauliza?

Mama! Umesikia? Wanasema uingie wewe peke yako!

Mnamwona? Wa nyuma simameni mwone. Ameinua fimbo anaitikisa. Anasema hapana. Anasema… hebu nyamazeni tumsikie… Anauliza, "Hawa wa huku si watu?"

Basi, jamani. Hilo nililotaka kulisema kwa maneno mengi, mwenyewe amelimaliza.

Mheshimiwa, Bwana Mkurugenzi, nisikilizeni vizuri, maana hiki si kitisho, ni taarifa. Kazi ya mtaroni hatukuajiriwa na mtu. Tuliifanya kwa sababu tulikuwa majirani. Kama sisi si wakazi wa hapa, basi na mtaro huu si wetu, na Jumamosi hii hakuna atakayeshuka. Kalavati lenu litakaa na magodoro yake. Maegesho yenu mmeyachimba chini ya ardhi, chini kuliko mtaro, na mawingu yale kule nyuma ya mnara sikuyaleta mimi. Siku geti litakapong'olewa, si kufunguliwa kwa simu, kung'olewa, tuiteni, tutakuja na reki zetu, na tutaanza chini kama kawaida yetu. Kabla ya hapo, waiteni wale bata wa kwenye bango waje wausafishe.

Nimeombwa nitoe shukrani, na sipendi kuondoka na kazi ya watu mkononi. Nawashukuru mafundi magari. Namshukuru mteja wa nusu kichwa, popote alipo, kwa swali lake. Nawashukuru na ninyi mliokaa kivulini, maana mmenisikiliza hadi mwisho ingawa naona wengine mmesikiliza shingo upande.

Wenzangu wa kikundi, inukeni. Chukueni kile kiti cha mbele chenye utepe, twendeni nacho, mama amesimama tangu asubuhi. Mwenye kutaka kumpa tuzo atatukuta kwake, ng'ambo, apitie magereji kama sisi. Na wewe mlinzi, mwanangu, usiogope, hatukuombi uvunje sheria ya mtu. Tufungulie tutoke tu. Kwa kutoka, hapa hajawahi mtu wa kwetu kuombwa kadi.